Tafadhali Puuza Ujumbe Huu

Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi ya kodi, na tangu siku hiyo jirani mmoja mwenye duka akaacha kumsalimia. Si kosa la mama. Binti mwenyewe ndiye aliyemwambia kwenye simu, mwezi ule alioajiriwa, "Mama, naandika kodi za kompyuta," na mama, ambaye masikio yake ni mazito tangu zamani, akalishika neno alilolijua na mengine akayaachia njiani. Kodi ya Kiingereza, yaani maagizo ya kompyuta, ikawa kodi ya serikali. Kila alipoulizwa binti yako yuko wapi, alijibu kwa fahari kwamba yuko mjini anaandika kodi, na watu wakazidi kumwogopa.

Ukweli ni kwamba binti huyo hajawahi kumtoza mtu chochote. Anatengeneza lango la wateja la shirika la maji, yaani ule ukurasa wa mtandaoni ambao mtu huingia kutazama kama maji yatakatika kesho, au kuripoti bomba lililopasuka mbele ya nyumba yake, au kumwaga hasira tu. Lango lenyewe limejengwa kwa vipande. Kuna kipande cha matangazo, kipande cha mabomba, kipande cha kutuma ujumbe kwenye simu za watu. Vyote aliviandika yeye, kimoja kimoja, kwa sababu vile vilivyokuja na mfumo vilikuwa vya shirika lisilo na shida, na la kwao shida zilikuwa tele.

Kazini walimwita Dada Chapu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Zamani, ukitaka kubadilisha hata nukta katika kipande kimoja, ilibidi ulifunge lango zima kama mzigo wa kuhama, ulipandishe kwenye seva ya majaribio, kisha usubiri dakika arobaini liamke. Likiamka, ukute umekosea. Unasahihisha, unafunga mzigo upya, arobaini nyingine. Siku nzima inaliwa na nukta mbili. Babu Seva, mzee anayezitunza zile mashine na aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa akichemsha chai mzigo ukipanda, na chai ilikuwa ikiisha kabla ya lango kuamka.

Ndipo miezi miwili iliyopita dada akaandika programu ndogo, akaiita chapu. Ukiandika neno hilo na kubonyeza, inachukua lile faili moja ulilogusa, inalipeleka mahali pake bila kuliamsha lango zima, inafuta kumbukumbu kuukuu ya kivinjari, inafungua ukurasa upya na kujaribu kila kitufe yenyewe. Sekunde nane. Babu Seva alipoiona mara ya kwanza alishika kiuno akasema, "Sasa chai yangu nitamnywesha nani?" Meneja alimpongeza dada mbele ya watu, na kesho yake akamwongezea kazi mara tano.

Dada alifurahi, nani asingefurahi? Lakini siku zilipopita akaanza kuhisi kuna kitu kimepungua na hakukijua ni kitu gani. Zile dakika arobaini alizokuwa akizilaani ndizo alizokuwa akimfikiria mama yake. Alikuwa akikaa na kikombe mkononi, akitazama ukuta, na mawazo yanakwenda nyumbani bila nauli. Sasa ukuta hautazamwi tena, na usiku akilala anagundua kwamba siku nzima imepita bila yeye kumkumbuka mama, halafu anamkumbuka kwa mkupuo mmoja.

Alimkumbuka kwa namna ya kuona haya kidogo, maana ana miaka thelathini na tisa na hakuna anayetarajia mtu wa umri huo amlilie mama. Mama ana tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kuingia chumbani, eti asimkute mtu vibaya. Basi mtu yeyote akikohoa kwenye ukumbi wa ofisi, dada anageuka. Amegeuka hivyo miaka sita, na kila mara ni mhasibu mwenye mafua.

Kwa ajili ya kikohozi hicho, miezi mitano iliyopita, alihama chumba chake akapanga nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha pili alikitia kitanda, godoro jipya, pazia la maua makubwa ambayo yeye mwenyewe hayapendi lakini mama atayapenda. Kitanda alikiweka ukutani, kisha akakisogeza dirishani, kwa kuwa mama hulala akitazama nje, usipomjua utadhani ameajiriwa ulinzi. Kila Jumamosi alikifuta vumbi chumba ambacho hakuna aliyelala humo. Kweli alijiona mjinga wakati mwingine, ameshika kitambaa anafuta kitanda kisicho na mtu, lakini alifuta.

Kumwalika mama lilikuwa jambo jingine. Kwa mama ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na likizo ya shirika ni moja kwa mwaka, na ya mwaka ule ilikuwa imeshaliwa. Ikabaki simu. Na kuzungumza na mama kwenye simu ni kazi ya jasho. Hakusikii. Anasema yake, anaisikiliza sauti yako kama upepo, anasema mengine, anakata. Siku ya mwaliko dada alipiga kelele hadi wapangaji wa juu wakajua habari.

"Mama! Njoo tukae wote! Nina chumba chako! Chumba!"

"Chumba?"

"Ndiyo! Chako!"

"Haya, nimesikia. Nitakujibu."

Wiki ikapita. Dada akapiga tena.

"Umeona?" mama alianza. Siku hizi alikuwa akianza hivyo kila simu, umeona, umeona, na dada, kwa kuokoa koo lake, alikuwa akijibu tu, "Nimeona, mama," bila kuuliza kaona nini.

"Mama, vipi kuhusu chumba?"

"Si nimeshakujibu!"

"Umenijibu lini?"

"Hawajambo, hawajambo, hata kuku wanataga."

Akakata. Dada alikaa kitandani na simu mkononi. Nimeshakujibu. Aliligeuzageuza neno hilo na kila lilipogeukia aliliona ni hapana ya mtu mstaarabu asiyetaka kumvunja mwanawe moyo. Akauma meno. Alikuwa na kiburi alichokirithi huko huko kwa mama, na hakuuliza tena.

Halafu Jumapili iliyopita kaka yake akapiga. Huyu kaka ni mkubwa wake kwa miaka minane, ana gari dogo la mizigo na analiendesha kana kwamba anafukuzwa. Anaishi upande wa pili kabisa, ng'ambo ya mpaka, siku mbili barabarani.

"Jumamosi namchukua mama," alisema. "Anahamia kwangu moja kwa moja."

"Moja kwa moja? Amekubali?"

"Kakubali mwenyewe. Kwako si hakuna nafasi?"

"Nani kakwambia hakuna nafasi? Mimi nilimwita, kaka! Nilimwita mimi kwanza!"

"Yeye anasema umenyamaza. Mtajuana wenyewe. Mimi Jumamosi alfajiri niko pale."

Dada alipiga hesabu kimoyomoyo. Mama ana miaka sabini na mbili. Kwenda na kurudi ng'ambo ni siku nne, na likizo ni moja kwa mwaka, na kuna miaka ambayo Meneja huila. Akihamia huko, watakuwa wameonana kama mara tatu au nne zaidi maishani. Hesabu hii ilimkaa shingoni tangu siku hiyo. Aliifanya akiwa kwenye foleni, akiwa anasugua sufuria, akiwa anaandika chapu na kubonyeza.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye faili moja ndogo. Miaka mitatu iliyopita, dada alipoandika kile kipande cha kutuma ujumbe, alihitaji namba mbili za simu za kujaribia. Moja akaweka yake. Ya pili ilibidi iwe ya mtandao mwingine, na aliyekuwa na mtandao huo ni mama. Akaiweka namba ya mama. Hakuwa na wasiwasi, maana mama hakujua kusoma. Alikulia kwenye nyumba ambayo wavulana walikwenda shule na wasichana walikwenda kuchota maji, basi. Ujumbe utaingia, simu italia mara moja, mama atadhani ni betri. Kwa hiyo kila dada alipojaribu kipande kile, na kuna siku alikijaribu mara nne, simu ya mama kule kijijini ilikuwa ikipokea maneno haya kutoka namba fupi ya shirika la maji: *Jaribio. Tafadhali puuza ujumbe huu.*

Chapu ilipokuja, mambo ya namba halisi yakaisha. Sekunde nane hazitoshi kusubiri mitandao ya simu, kwa hiyo dada aliweka mtumaji bandia, ambaye hupokea ujumbe, huitikia "umetumwa," na hautumi popote. Ile namba ya mama akaifuta kwenye faili. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, na hata hakuifikiria.

Tuje kwenye Alhamisi sasa, siku mbili kabla ya kaka kufika kwa mama.

Bodi ya shirika ilikuwa imeuliza wateja wanasemaje, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kusoma. Watu walipotumiwa tangazo la maji walikuwa wakijibu kwenye ile namba fupi, majibu yakaingia kwenye jedwali moja ndani ya seva, yakalala humo. Meneja akaahidi bodi, bila kumuuliza anayefanya kazi, kwamba Alhamisi saa tisa wataona kipande kipya kwenye lango: Sauti ya Mteja. Kitaonyesha majibu yote, anayeandika zaidi akae juu, na kila jina liwe na kitufe cha kujibu.

Dada alikiandika kwa siku tatu. Saa saba na nusu mchana wa Alhamisi akakifungua na majibu halisi kwa mara ya kwanza. Meneja alikuwa nyuma ya kiti chake, mikono mfukoni. Meneja huyu ana ugonjwa wa kusoma kwa sauti kila anachokiona, hata mabango ya choo.

"'Maji yenu yana rangi ya chai, leteni na sukari,'" akasoma, akacheka. "Huyu wa ngapi?"

"Wa tatu kwa kuandika."

"Na wa kwanza? Nionyeshe huyo wa kwanza. Ujumbe sitini na mmoja! Huyo lazima ana kesi na sisi."

Dada akabonyeza. Orodha ikafunguka.

"'Umekula,'" akasoma Meneja. Akakunja uso. "Umekula? Anauliza shirika la maji kama limekula?" Akateremka. "'Leo umeandika mara nne. Kazi nyingi. Pumzika.' Hee! 'Kuku mweupe ametaga.' Jamani, huyu mtu ni mzima kweli? Babu Seva, njoo uone mteja huyu!"

Babu Seva hakucheka. Alikuwa akimtazama dada, na dada alikuwa akitazama namba juu ya orodha. Ilikuwa inaishia na mbili, saba, sifuri, sita. Hakuna namba aliyoijua kama ile.

"Mweke pembeni huyo," Meneja akasema. "Lakini kitufe cha kujibu nataka kifanye kazi kikweli. Bandia sitaki. Nataka nikibonyeza mbele ya bodi, simu ya mtu iite. Nakwenda kupanga viti, nikirudi nikute tayari."

Akaenda. Dada akateremka hadi chini kabisa, kwenye ujumbe wa kwanza. Ulikuwa wa miezi tisa iliyopita, miezi miwili baada ya likizo yake ya mwisho.

*NIMESOMA MWENYEWE*

Hakuna kingine, herufi kubwa tupu. Dada alifunika mdomo. Ujumbe wa pili ulikuwa wa kesho yake, na kuanzia hapo aliusoma mmoja mmoja akipanda juu, polepole. Mama hakuwa amefika somo la alama ya kuuliza, kwa hiyo maswali yake yote yalikaa kama habari.

*Jaribio ni nini*

*Jirani alisema hii ni namba ya kazini kwako. Nilichoka yeye kunisomea kila siku maneno yako nikaenda darasa la watu wazima. Mwalimu ni yule mshonaji*

*Mwalimu kasema puuza maana yake usijali. Mimi najali*

*Sasa najua kufungua namba yako hii ya kazi. Nyingine bado*

*Nimekuuliza kwenye simu umeona ukasema umeona. Nimefurahi*

Hapo dada aliinuka akaenda hadi dirishani, akarudi, akaketi. Nimeona, mama. Kuokoa koo! Angekuwa amekaa na mama angepigwa kofi, na angestahili.

*Nimesikia chumba. Nitakuja. Njoo unichukue mwenyewe kaka yako anakimbiza gari*

*Kina dirisha*

*Mimi chumba bila dirisha siwezi. Kina dirisha*

Kisha tarehe zikaruka. Ilikuwa siku ile ile ya chapu, hakuhitaji kuitazama kalenda. Baada yake ujumbe ulikuwa wa nadra, kwa sababu hakukuwa tena na cha kujibu.

*Leo hujaandika*

*Unaumwa*

*Mbona kimya. Mwalimu kasema labda simu mbovu, nimempa atazame, si mbovu*

*Umechoka na mimi sema tu*

Na wa mwisho, wa wiki tatu nyuma:

*Kaka yako atanichukua nimekubali. Nilijua siku moja utapuuza na wewe*

Dada alilia pale pale, mchana kweupe, mbele ya kompyuta ya shirika. Babu Seva akaweka kikombe cha chai karibu na mkono wake, akaenda akasimama mlangoni na mgongo wake mpana.

Alichukua simu akampigia mama. Ikaita, ikapokelewa.

"Mama! Nimeona! Sasa hivi ndiyo nimeona!"

"Eh?"

"Nimesoma! Chumba kipo!"

"Sisikii kitu! Una neno andika!" Na mama akakata.

Andika. Na mama alijua kufungua sehemu moja tu, ile namba fupi. Miezi tisa alikuwa amesimama kwenye mlango huo mmoja akibisha. Dada akafuta uso kwa kiganja, akavuta kibodi, akabonyeza kitufe cha kujibu kwenye kipande chake kipya, akaandika: *Mama, hili si jaribio. Usipuuze. Chumba kipo, nakuja kukuchukua mwenyewe.* Akabonyeza tuma.

*Imeshindikana. Namba haipo.*

"Namba haipo?" akasema kwa sauti. "Namba ya mama yangu haipo?"

Akafungua faili. Macho yake yalikuwa na maji na mistari ilikuwa inaogelea, lakini kosa akaliona, tena kosa la mtoto. Kipande kilikuwa kinaichukulia namba ya simu kama hesabu, na hesabu haina haja ya sifuri ya mbele, kwa hiyo kilikuwa kimeitafuna, kisha kikaikataa namba chenyewe kabla hata haijamfikia mtumaji. Akabadilisha mstari mmoja, namba isomwe kama maneno. Akaandika chapu. Sekunde nane. Akabonyeza tuma.

*Umetumwa.*

Akashusha pumzi, kisha akalisoma tena neno hilo. Umetumwa na nani? Na yule bandia. Chapu ilikuwa imefanya kama alivyoifundisha: imeitikia vizuri na haijatuma popote. Mlangoni alimsikia Meneja akirudi, na Babu Seva akianza kumweleza historia ya seva ya kwanza ya shirika, iliyokuwa kubwa kama kabati, na jinsi siku moja mjusi alivyoingia ndani yake.

"Babu, mjusi tutaongea kesho."

"Subiri, hujasikia alipotokea."

Dada akalifungua faili la mtumaji, akamwondoa bandia, akamrudisha wa kweli. Aliandika neno moja vibaya mara mbili. Chapu. Sekunde nane, ndefu kuliko zile dakika arobaini. Tuma.

*Umetumwa.* Na chini yake, kwa herufi ndogo za kijani ambazo mtumaji bandia hakuwahi kuwa nazo: *Umefika.*

Kutoka hapo chapu haikuwa na la kufanya. Haiwezi kumharakisha mwanamke wa miaka sabini na mbili anayetafuta miwani yake, anayesoma kwa kufuata kidole, silabi moja baada ya nyingine. Dada alikaa akatazama ukuta. Alikuwa hajautazama miezi miwili. Chai ilikuwa bado ya moto na aliinywa, na alimtamani mama yake waziwazi, bila haya, harufu ya sabuni yake ya mche, kikohozi chake cha mlangoni.

Orodha ikasogea. Ujumbe wa sitini na mbili.

*Wewe nani. Mwalimu ametuonya matapeli. Mwanangu huandika jaribio*

Dada alicheka na kulia kwa pamoja, sauti moja ya ajabu iliyomfanya Babu Seva anyamaze katikati ya mjusi. Hakueleza, hakuapa, hakutaja jina la kijiji wala la kuku. Aliandika maneno ambayo miaka mitatu alikuwa akiyatuma bila kumaanisha chochote:

*Jaribio. Tafadhali puuza ujumbe huu.*

Akabonyeza.

Jibu halikukawia.

*Ni wewe*

Na kabla hajaweka mkono kwenye kibodi:

*Chumba kina dirisha*

*Kina dirisha, mama,* akaandika. *Kubwa. Kitanda nimekisogeza hapo hapo. Nafika kwako Ijumaa jioni, usiondoke na kaka.*

Meneja alikuwa ameshamshinda mjusi. Alisimama nyuma ya kiti akitazama saa, akatazama skrini, akauona ujumbe mpya ukiingia juu ya orodha.

"Mteja kajibu?"

"Kajibu."

"Safi sana! Ndiyo hivyo ninavyotaka. Anasemaje?" Na kwa kuwa hawezi kujizuia, akainama akasoma kwa sauti yake yote. "'Nafunga mizigo. Kaka yako mwambie wewe mimi namwogopa.'"

Alimtazama dada, akaona macho yalivyovimba, akaisoma tena ile orodha, safari hii kimya, midomo ikicheza.

"Huyu mteja ni nani?" akauliza taratibu.

"Mama yangu," dada akasema, akavuta mkoba wake chini ya meza. "Kesho sipo."